Gofu ya mfukoni na mawe ya ng'ambo ya ziwa

Mkwaju mmoja wa gofu ndani ya gemu hupigwa kwa kubonyeza kitufe kimoja mara tatu. Ukibonyeza mara ya kwanza, mchezaji kwenye skrini ananyanyua fimbo na alama inaanza kukimbia kwenye kipimo. Mara ya pili umechagua nguvu. Alama inageuka, inarudi mbio, na mara ya tatu lazima kidole kishuke palepale penye mstari: ukiwahi mpira unapinda upande mmoja, ukichelewa unapinda upande wa pili. Shughuli nzima ni ya sekunde chache. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga nyasi za gofu, awe wa Gungu, Mwanga au Katonga hapa Kigoma, akielezwa mara moja anapiga, na muda si mrefu utamsikia akizozana na upepo kana kwamba amezaliwa uwanjani.

Utaratibu huo una mwenyewe na una mwaka wake. Satoru Iwata alikuwa na umri wa miaka 24 alipoandika programu ya gemu iliyoitwa Golf tu, bila mbwembwe, ikaanza kuuzwa Japani Mei 1984 kwa mashine ya Nintendo ya kuchomeka kwenye televisheni. Watengenezaji wengine walikuwa wameulizwa kama wangeweza kuingiza mashimo yote 18 katika kaseti ya wakati ule, wakajibu kwamba haiwezekani. Kumbukumbu ya kaseti ile ilikuwa finyu kiasi kwamba picha moja ya harusi unayotumiwa leo kwa WhatsApp isingeenea humo. Iwata akabuni namna yake ya kubana data na mashimo 18 yakaingia. Tangu hapo gemu za gofu zimebadilisha rangi, wahusika na muziki, lakini nyingi bado zinatumia kubonyeza kule mara tatu. Mwaka 2002 kijana yule akawa rais wa Nintendo.

Gofu ilihama sebuleni ikaingia mfukoni mwaka 1989, pamoja na Game Boy ya Nintendo. Mashine hiyo ilitoka mikononi mwa kikosi cha Gunpei Yokoi, fundi aliyekuwa na msimamo usiopendwa na wapenda makuu: chukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha itafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Ndiyo maana Game Boy ilikuwa na skrini ya kijani iliyofifia, isiyo na rangi wala taa, ikala betri nne ndogo na kudumu saa nyingi. Washindani wake, Atari Lynx na baadaye Game Gear ya Sega, walikuwa na skrini za rangi zenye taa ndani, lakini walimaliza betri sita kwa saa chache. Mnunuzi akapiga hesabu, na Game Boy ikawazika wote wawili. Gofu yake ya kwanza ilitoka mwaka huohuo.

Msomaji wa Kigoma hahitaji kufundishwa hesabu ya Yokoi. Huu ni mkoa ulioishi kwa majenereta ya dizeli hadi mwaka 2022 ndipo ukaanza kuunganishwa na gridi ya taifa. Kwa miaka mingi aliyenunua redio aliuliza kwanza inakula betri ngapi, kisha ndipo akauliza inashika stesheni gani. Betri zenyewe, zile za National zilizotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Kijapani ya Matsushita, zilianikwa juani zikianza kufa, zikabinywa kwa meno, zikarudishwa kwenye redio kumalizia taarifa ya habari. Kwa watu wa namna hiyo mashine ya bei nafuu inayovumilia betri hadi tone la mwisho ni mashine yenye akili. Tatizo lingekuwa taa. Skrini ya Game Boy ilihitaji mwanga wa nje, jua la barazani au taa iliyo jirani, na nadhani mahali pazuri kabisa pa kuchezea usiku pangekuwa kwenye mtumbwi wa dagaa, giza la mwezi likiwa limeingia, karabai inanguruma ubavuni na wavuvi wanasubiri samaki wapande.

Hadi hapo gofu ya mkononi ilikuwa mchezo wa kupiga mpira tu. Kilichoigeuza kuwa kisa ni gemu ya mwaka 1999, Mario Golf ya Game Boy Color, na hapa nitakaa kidogo.

Iliundwa na Camelot, kampuni ya ndugu wawili wa Kijapani, Hiroyuki na Shugo Takahashi. Kazi iliyowapa jina haikuwa ya michezo ya viwanjani. Walitengenezea Sega mfululizo wa Shining, gemu za mashujaa, mazimwi na panga, ambamo mhusika anaanza akiwa hana kitu, anazunguka vijijini akizungumza na wenyeji, anapigana, anapata uzoefu na kupanda ngazi. Mwaka 1997 wakatoa Everybody's Golf kwa ajili ya PlayStation, ikauzwa sana. Walipoombwa gofu ya kushika mkononi wakachanganya ujuzi wao wote wawili. Zimwi likaondolewa likawekwa shimo lenye bendera, upanga ukawa fimbo.

Mchezaji haanzi akiwa Mario. Anachagua mmoja wa vijana wanne wasio na jina lolote mjini, wawili wa kiume na wawili wa kike, na kijana huyo anaripoti kwenye klabu ya Marion kama mgeni. Anatembea kwa miguu. Anaongea na wazee wanaojua mambo, anafanya mazoezi ya mikwaju ya karibu na bendera, anamkuta mtu njiani anayempa neno moja la maana kuhusu mchanga au majani marefu. Akishinda anapata alama za uzoefu, na kila akipanda ngazi anaamua mwenyewe aongeze nini: umbali, kimo cha mpira au uhakika wa kulenga. Ukijaza umbali peke yake utapata kijana mwenye nguvu za ng'ombe ambaye mpira wake unaishia porini. Kutoka Marion anakwenda klabu ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja ina bingwa wake na udongo wake, na mwisho kabisa ndipo anapokutana na Mario mwenyewe. Kijana uliyemkuza hivyo uliweza kumhamishia kwenye mashine kubwa ya Nintendo 64 nyumbani kwa kifaa maalumu, akacheza na wakubwa kwenye televisheni.

Wachambuzi huvutiwa na mseto huu kwa sababu za kiufundi. Mimi navutiwa na jambo jingine: gemu hii iliifungua klabu ya gofu kwa mtu asiye na mlango wa kuingilia, na wasomaji wa Afrika Mashariki wanajua milango hiyo ilivyokuwa. Klabu ya Entebbe ilianza mwaka 1901, ya Nairobi mwaka 1906, na Dar es Salaam Waingereza walipata Gymkhana yao baada ya kuwatoa Wajerumani. Gofu ilifuata ofisi ya gavana, mgodi na shamba la chai, ndiyo maana Tanganyika ilipata viwanja hata Mwadui penye almasi na Mufindi penye chai. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba mkoba wa fimbo za mtu mwingine. Baadhi ya wabeba mikoba hao walijifunza kwa macho, wakapiga mikwaju yao jioni wenye klabu wakiwa baa, na wengi wa wachezaji wa kulipwa wa ukanda huu wametokana na safu hiyo. Kisa cha kijana wa Marion anayepanda kutoka chini kingeweza kuandikwa na mmoja wao, isipokuwa kwenye gemu hakuna anayemwuliza kijana ni mtoto wa nani.

Kigoma ilikuwa mji wa reli na bandari, ikaachwa nje ya ramani hiyo. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, meli ya Graf von Götzen ikafuata kwa vipande ndani ya masanduku 5,000, ikaungwa hapahapa na kuingizwa majini mwaka 1915. Ndiyo Liemba ya leo. Waingereza waliwapa Wabelgiji eneo lao la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam kwa mkataba wa mwaka 1921, ili mizigo ya Kongo mashariki na Ruanda-Urundi ivuke ziwa na kushuka kwa treni hadi pwani. Mji ulijengwa ili vitu vipite.

Mwaka 1999 kilichokuwa kinapita ni watu. Mario Golf ya mkononi iliingia madukani Japani Agosti mwaka ule. Mwezi mmoja kabla, tarehe 10 Julai, serikali zilizokuwa zinapigana Kongo zilitia saini mkataba wa kusimamisha vita mjini Lusaka, na vita havikusimama. Oktoba gemu ikafika Marekani. Oktoba hiyohiyo sisi tulikuwa kwenye msiba wa Mwalimu Nyerere. Mitumbwi kutoka Fizi, Uvira na Kalemie ilikuwa ikivuka ziwa na familia nzima nzima. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilikuwa imefunguliwa tangu Novemba 1996, na ya Lugufu mwaka uliofuata.

Tarehe hizi zingebaki sadfa tu kama isingekuwa jiwe moja jeusi, zito kuliko ukubwa wake. Jiwe hilo, koltani, huchimbwa Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa sululu na koleo. Udongo humwagwa kwenye mfereji wa maji, mchimbaji anaukoroga kwa miguu na koleo, udongo mwepesi unakwenda na maji, jiwe linazama. Ndani yake mna tantali, madini yanayotengenezea kapasita ndogo mno zinazohifadhi chaji ya umeme na kuvumilia joto. Bila kapasita za aina hiyo simu ingebaki kuwa tofali. Mwaka 2000 simu za mkononi zilikuwa zinaenea duniani kama moto, kompyuta za kubeba vilevile, PlayStation 2 ilikuwa imetoka Machi, na wanunuzi wakaogopa kukosa tantali. Bei yake, iliyoanza mwaka ikiwa makumi machache ya dola kwa ratili, ilivuka dola 300 kabla mwaka haujaisha, kisha ikaporomoka mwaka 2001. Novemba 2000 waasi wa RCD-Goma waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kuuza nje koltani yote ya eneo lao. Aprili 2001 jopo la Umoja wa Mataifa likaandika waziwazi kwamba madini yalikuwa yanaendesha vita. Ripoti nyingine ya wataalamu wa Umoja huo, ya mwaka 2009, iliitaja Kigoma katika njia za magendo za kuvuka ziwa.

Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 iliyozitaka kampuni zilizosajiliwa kwenye masoko yake ya hisa zieleze bati, tantali, tangsteni na dhahabu yao imetoka wapi. Nintendo hisa zake ziko Tokyo. Agosti 2012 shirika la Enough Project liliwapanga watengenezaji 24 wa vifaa vya elektroniki kwa juhudi zao za kuepuka madini ya migogoro. Baadhi walipata zaidi ya nusu ya alama. Nintendo ilipata sifuri, na ilikuwa peke yake. Ilijibu kwamba utengenezaji wa bidhaa zake hufanywa na kampuni washirika, kwa hiyo yenyewe haihusiki moja kwa moja na kununua malighafi. Jibu hilo nimelisoma zaidi ya mara moja na kila mara naona ni lilelile la mwenye lori anayesema yeye kazi yake ni usafiri tu, mzigo una mwenyewe. Kampuni iliyoweza kufikiria adabu za klabu ya kubuni hadi salamu za mzee wa mlangoni ilikuwa na uwezo wa kuuliza kiwanda chake mawe yanatoka wapi. Baadaye ilianza kuuliza, baada ya kuaibishwa.

Turudi upande huu wa maji, maana gemu za mkononi nazo ziliingia Kigoma kwa mlango wao. Zilizofika kwanza zilikuwa vimashine vya Kichina vya matofali yanayodondoka, vimeandikwa kwa majivuno kwamba vina gemu 9999, ukihesabu vizuri unakuta ni chache zinazojirudia kwa kasi tofauti. Vilitumia betri ndogo na kulia mlio mmoja wa kukera. Kisha ikaja simu ya Nokia na nyoka wake, ambaye Wafini walimweka kwenye simu tangu mwaka 1997. Hapa alitamba miaka ya mwanzo ya 2000, ambapo kumwazima mtoto simu kulimaanisha kuipokea ikiwa imeisha chaji. Mabanda ya gemu yakafuata, televisheni mbili tatu na PlayStation iliyochoka, pedi zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, malipo kwa mechi. Humo unachezwa mpira wa miguu, na anayetaka kitu kingine atafute banda lake.

Ujiji kwa upande wake haikuwa na upungufu wa michezo. Wazee wa pale barazani wana bao, mashimo 32 na kete 64, na mtoto anayekaa nyuma yao miaka kadhaa akitazama hatua za namua na mtaji kabla hajaruhusiwa kugusa kete anapanda ngazi kwa namna ambayo ndugu wa Takahashi wangeitambua mara moja. Tofauti ni kwamba barazani hakuna alama zinazojitokeza hewani kukupongeza. Utajua umepanda siku mzee akikusogezea kigoda.

Camelot waliendelea na njia yao. Mario Golf: Advance Tour ya mwaka 2004, kwenye Game Boy Advance, ilileta vijana wapya wawili, Neil na Ella, na mashindano ya wawili wawili; kwa maoni yangu ni gemu yenye raha zaidi kuicheza, ingawa ile ya 1999 ina ukavu mzuri ambao hii haina. Zilizotoka baada yake zilipunguza kisa na kuongeza mapambo. Kiti kikabaki wazi hadi Septemba 2017, Waaustralia wawili wa Sidebar Games walipotoa Golf Story kwenye Nintendo Switch: mwanamume wa makamo aliyefundishwa gofu na baba yake utotoni, maisha yakamchukua kwingine, anaamua kurudi viwanjani huku mkewe na kocha wakimwona kituko. Ndani yake kuna ugomvi wa klabu, mashindano ya matusi, na mazungumzo ya kuchekesha kweli. Ni gemu iliyoandikwa na watu waliowahi kukaa katika klabu ya mji mdogo na kuwasikiliza wajumbe wa kamati.

Mwezi uleule ilibainika kwamba ndani ya kila Switch kulikuwa kumefichwa ile Golf ya mwaka 1984. Ilifunguka tarehe 11 Julai tu, siku aliyofariki Iwata mwaka 2015, na kwa sharti mchezaji ashike pedi mbili na kufanya ishara ya mikono aliyopenda kuifanya marehemu akihutubia mashabiki. Nintendo haikutangaza kitu, na baadaye ikaiondoa kimyakimya.

Kwa mkazi wa Kigoma wa leo gofu ya mfukoni inakuja kwa simu ya Android na bando. Golf Clash, iliyotoka mwaka 2017, ndiyo iliyopata umaarufu mkubwa kwenye simu. Kampuni iliyoiunda iliuzwa mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.4. Unacheza na mtu wa nchi nyingine shimo moja kwa dakika chache, unafungua masanduku, unaboresha fimbo. Imebeba umbo la kupanda ngazi lakini haina kisa, na asiyetaka kungoja masanduku yafunguke anaombwa pesa. Kijana wa Marion hakuombwa hata senti baada ya kununuliwa. Mwenye subira atafute ile ya 1999 kwenye mashine iliyotumika, aicheze hadi mwisho, aone jinsi kitu kidogo kilivyoweza kubeba mambo mengi bila kumnyonya mchezaji.

Upande wa mawe, wilaya ya Masisi ina mgodi wa Rubaya, mmoja wa migodi mikubwa ya koltani duniani. Waasi wa M23 waliuteka mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba wanajikusanyia dola 800,000 hivi kwa mwezi kwa kutoza kodi mzigo unaotoka hapo. Nintendo Switch 2 ilianza kuuzwa tarehe 5 Juni 2025, ikiwa na orodha ndefu ya gemu za kushika mkononi. Siku hiyo Rubaya ilikuwa bado mikononi mwa M23, na Nyarugusu, kambi ya muda iliyofunguliwa Novemba 1996, ilikuwa bado ina watu.